Idhini kwa Lugha Gani? Jina la Kozi ya Usalama wa Kompyuta na Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Utangulizi

Somo la usalama wa kompyuta si geni tena katika vyuo vikuu vya Tanzania. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina shahada ya kwanza ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa jinai za kidijitali. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Dar es Salaam, nacho kina shahada ya namna hiyo. Ndani ya masomo hayo mna kozi ambayo jina lake la Kiswahili limezua utata. Mwanafunzi hufundishwa kufanya yale yale afanyayo mwizi wa mtandaoni, yaani kuupeleleza mfumo, kutafuta upenyo, kuingia na kuona yaliyomo, ila yeye hufanya hivyo kwa ombi la mwenye mfumo, na hatimaye humwandikia taarifa ili upenyo uzibwe. Katika magazeti na katika mazungumzo ya wasomi kozi hiyo aghalabu huitwa "udukuzi wa kimaadili".

Dai la makala hii ni kwamba jina hilo linapotosha dhana, na kwamba upotoshaji huo unaweza kumfikisha mhitimu mahakamani. Kinachomtenganisha mtaalamu huyo na mwizi ni idhini aliyopewa na mwenye mfumo. Maadili yake hayaonekani katika kumbukumbu za kompyuta. Idhini huandikwa, hutiwa saini na huweza kuoneshwa. Idhini nayo hutolewa kwa lugha, na mtoaji asipoielewa lugha hiyo hajatoa kitu. Kwa hiyo suala la Kiswahili katika kozi hii haliwezi kuachwa liwe pambo la kushughulikiwa baada ya wataalamu wa kompyuta kumaliza kazi yao.

Mifano mingi hapa inahusu ukanda wa dhahabu, yaani mkoa wa Shinyanga, hasa Kahama, pamoja na mkoa wa Geita uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, Mwanza na Kagera. Huko ndiko uliko mgodi mkubwa wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, na wa Bulyanhulu ulioufuata mwaka 2001. Kandokando yake wapo wachimbaji wadogo wengi, mialo ya kuoshea dhahabu na, tangu mwaka 2019, masoko ya madini yaliyoanzishwa na serikali. Fedha za huko hutembea kutwa kwa simu: kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa mwenye duara, kutoka kwa mchimbaji kwenda kwa mkewe aliyebaki Maswa au Bariadi. Wenye fedha hizo huzungumza Kisukuma, Kisumbwa au Kizinza nyumbani kwao. Wanapokutana na wageni, na wageni ni wengi, huzungumza Kiswahili. Shahada ya usalama wa kompyuta hufundishwa kwa Kiingereza.

Udukuzi, kuhaki na makinikia

Neno udukuzi halikuzuka hewani. Kamusi za zamani zina mdukizi, mtu anayenyemelea mazungumzo ya wenzake ili asikie siri zao. Yaelekea udukuzi ni ndugu wa neno hilo, na waliolitumia kwanza kwa wizi wa mtandaoni walichagua vizuri, maana limebeba siri, kificho na ubaya kwa pamoja. Ubora huo ndio unaolifanya lisifae kwa kozi ya chuo. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa lina historia nyingine kabisa. Wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, miongoni mwao wanachama wa klabu ya treni za mfano, walilitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kumsifu mtu mwenye ufundi wa kufumua mtambo ili aone unavyofanya kazi. Maana ya wizi ilikuja baadaye, na waliotaka kuirudisha sifa ya awali ndio walioongeza kivumishi cha maadili. Kiswahili hakikuipata kamwe ile maana ya kwanza. Kimepokea kivumishi cha kulisafisha neno ambalo kwake halijapata kuwa safi, na matokeo yake hayatofautiani na kusema "unyang'anyi wa heshima".

Mitaani watu wamepita njia ya utohozi: "akaunti yangu imehakiwa". Hapa lugha imejikwaa katika hazina yake yenyewe. Haki imekita mizizi katika Kiswahili kiasi kwamba mzee wa Shinyanga akiambiwa fedha zake zimehakiwa anaweza kushukuru, akidhani zimethibitishwa kuwa halali yake.

Wapo watakaosema kwamba jina ni jina tu, umma utalizoea. Hoja hiyo ina nguvu, na ukanda wa dhahabu wenyewe unaiunga mkono. Kabla ya Machi 2017 neno makinikia lilijulikana na wachache. Mwezi huo serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje mchanga wa madini, na makontena 277 yakazuiwa Dar es Salaam, yenye mchanga uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa taarifa yake mwezi Mei, na ya Profesa Nehemiah Osoro mwezi Juni. Kufikia hapo ilikuwa vigumu kupata kijiwe cha kahawa kisicholijua neno hilo. Kwa umbo limetokana na makinika, yaani kutuliza akili juu ya jambo. Yamkini mwundaji alikuwa na neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, ya kukaza fikra na ya kukoleza kitu, akaifuata ile isiyohusika. Hata hivyo limeshika, na kulitoa sasa ni kazi bure. Vivyo hivyo tarakilishi imeshinda katika madarasa ya Kenya na kushindwa na kompyuta nchini Tanzania, na hakuna aliyepata hasara.

Lakini kasoro ya makinikia haikumdhuru mtu kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kinaonekana. Makontena yalioneshwa katika televisheni. Aliyelisikia neno aliona na shehena. Katika usalama wa kompyuta hakuna kontena la kuonesha. Mwenye mfumo anapoulizwa kama anaruhusu mfumo wake ujaribiwe, neno ndilo kitu pekee anachokishika mkononi.

Nia njema na idhini

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge mwezi Aprili 2015, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kifungu cha 4 kinakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na isivyo halali. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana isivyostahili, kwa kuchukua kilicho kikubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu cha 10 kinagusa vifaa na programu za kutendea makosa ya aina hiyo. Katika maneno ya kifungu cha 4 nia njema haimo. Mwanafunzi anayejifunza kwa Nmap au Kali Linux ameshika zana zile zile anazoshika mwizi. Akizielekeza kwenye kompyuta za maabara ya chuo anafanya zoezi. Akizielekeza kwenye mfumo wa benki bila kuombwa anaangukia katika maneno ya kifungu hicho, hata kama kesho yake anakusudia kuwaandikia barua ya kuwaonya.

Nchini Marekani Wizara ya Sheria ilitangaza mwezi Mei 2022 kwamba haitawashtaki watafiti wa usalama wanaotenda kwa nia njema. Mwanafunzi wa Dodoma anayesoma vitabu vya Marekani asidhani kwamba ahueni hiyo ilivuka bahari pamoja na kitabu.

Wazee wa Kahama hawahitaji kufundishwa tofauti ya nia njema na idhini. Sungusungu walizuka huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe na majambazi, na kwa mwenye ng'ombe nia yao haikuwa na shaka. Walilinda, na palipokosekana mipaka waliwapiga na kuwatoza faini watu ambao hakuna mahakama iliyokuwa imewahukumu. Serikali iliwasifu kabla sheria haijawatambua, na utambuzi huo ulichukua miaka kadhaa kufika. Katika kipindi hicho cha katikati mlinzi na mkosaji waliweza kuwa mtu mmoja, kutegemea anayesimulia ni nani. Mhitimu wa usalama wa kompyuta anayejitambulisha kwa maadili yake, badala ya kujitambulisha kwa idhini aliyopewa, anajirudisha mwenyewe katika kipindi hicho.

Kuna jambo jingine ambalo wanaisimu hawana budi kulitazama. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, na mahakama zimetakiwa kukitumia. Istilahi hizi sasa zina uzito ambao zilipokuwa za magazeti hazikuwa nao. Chukulia kwamba kijana amefikishwa mbele ya hakimu, hati ya mashtaka ikiwa imetaja udukuzi, na cheti chake cha chuo, alichokileta kama utetezi, kimeandikwa kwamba amefuzu udukuzi. Kivumishi kilichofuata neno hilo kitakuwa na kazi nzito mno siku hiyo.

"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Kwa watu wa ukanda huu hatari iliyo karibu zaidi haiji kwa njia ya mashine. Si kwamba mashine hazivunjwi: mwezi Oktoba 2020 nchini Uganda wezi waliingia katika mfumo wa kampuni ya Pegasus Technologies, ambayo iliunganisha mitandao ya simu na mabenki, na baadhi ya huduma za kuhamisha fedha zikasimama. Lakini mchimbaji wa Geita au mfanyabiashara wa Kahama hupoteza fedha kwa ujumbe mfupi ambao kila mtumiaji wa simu Tanzania amewahi kuupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Huduma za fedha kwa simu zilianza nchini mwaka 2008. Ujumbe huu ni zao lake la Kiswahili, na unastahili kuchambuliwa kwa makini ambayo wanaisimu huipa methali.

Nguvu yake yote imo katika kionyeshi "ile". Kionyeshi cha mbali kinachotumiwa bila kitu kuonekana hudai kwamba msemaji na msikilizaji tayari wanakifahamu kinachotajwa. Mwizi hajui lolote juu ya hela ya mtu yeyote. Anawatumia mamia ujumbe ule ule, naye msikilizaji ndiye anayejaza pengo. Asiyetarajia kutuma fedha huufuta. Aliyetoka kuahidi kumtumia mtu fedha dakika kumi zilizopita huona ujumbe uliokamilika, wenye maana moja tu. Katika mji ambamo kila mtu anamdai au anadaiwa na mwenye karasha, mwenye duara, mwenye nyumba au mnunuzi, hao wa pili hawakosi. Kutokuwepo kwa salamu, ambako katika barua kungekuwa dosari, hapa kunaongeza uhalisia, maana watu waliokwisha salimiana asubuhi hawasalimiani tena. Na yale maneno "jina litakuja fulani" yanaziba tundu moja lililobaki: mtumaji akiona jina geni kwenye skrini, ameshaelezwa.

Uandikishaji wa laini kwa alama za vidole, uliosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na kufikia ukomo wake Januari 2020, umewabana wezi lakini haukuumaliza ujumbe huo. Namba 15040 ya kuripotia utapeli ipo, na *106# humwezesha mtu kuona laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Kionyeshi "ile" hakisajiliwi.

Katika vitabu vya kozi hila za namna hii zina sura yake, na jina lake la Kiingereza likitafsiriwa neno kwa neno huwa "uhandisi wa kijamii". Msomaji wa Kiswahili anayekutana na maneno hayo atafikiri ni ujenzi wa taifa. Lugha ina ulaghai, hadaa, utapeli, na kila moja lina kivuli chake cha maana kinachomfaa mwalimu. Zaidi ya jina, sura hiyo hufundishwa kwa mifano ya barua pepe za Kiingereza zenye makosa ya tahajia, na mwanafunzi huambiwa makosa hayo ndiyo dalili ya ulaghai. Ujumbe wa "ile hela" hauna kosa hata moja. Mhitimu anayekwenda kuwafundisha mawakala wa Kahama kujihadhari, huku akitafuta makosa ya sarufi, atawaacha wazi kuliko alivyowakuta. Idara za Kiswahili zina watu waliotumia miaka kuchambua kionyeshi, dhanio na adabu ya mazungumzo. Ni jambo la kushangaza kwamba maarifa hayo na maabara ya usalama wa kompyuta huishi katika chuo kimoja bila kujuana.

Uhakiki, bikoni na hati ya idhini

Waundaji wa istilahi wamekuwa wakihimiza kuanza na dhana kabla ya kulitazama neno la kigeni, na Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko, kilichotolewa na TUKI mwaka 1992, bado kinafaa kuwa mkononi mwa anayefanya kazi hiyo. Dhana hapa ni kuukagua mfumo kwa jicho la adui, kwa ruhusa ya mwenyewe, ili udhaifu wake ujulikane. Neno lipo tayari, tena limekaa katika idara za Kiswahili zenyewe: uhakiki. Mhakiki wa riwaya huingia ndani ya kazi ya mtu, hutafuta mahali ilipolegea, huandika alichokiona. Hatoki na riwaya mfukoni. Wananchi wanalijua neno hilo pia kutokana na uhakiki wa watumishi wa umma na wa pembejeo. Kozi ikiitwa uhakiki wa usalama wa kompyuta, na anayeifuzu akaitwa mhakiki wa usalama, udukuzi utabaki na kazi yake halali ya kutaja kosa. Hata sikio lililozoea "kuhaki" halitaona limehamishwa mbali.

Pingamizi moja ni la kweli: mhakiki wa fasihi haombi ruhusa kwa mwandishi, na wengine wangefurahi kumnyima. Kwa hiyo neno uhakiki peke yake halitoshi kubeba idhini. Idhini lazima iwe na hati yake. Uvamizi, ambalo lingeweza kufikiriwa kwa upande wa kosa, halifai katika ukanda huu. Ni neno ambalo wenye migodi mikubwa hulitumia kwa watu wanaoingia ndani ya uzio, ilhali wanaoitwa hivyo hujiona wenyeji wa ardhi hiyo, na darasa la kompyuta halina sababu ya kuingia katika ugomvi huo kwa bahati mbaya.

Hati ya idhini ndiyo kazi iliyo nzito, na ndiyo ambayo makala nyingi za istilahi huipita haraka zikienda kwenye orodha za maneno. Chukulia kwamba mhitimu ameombwa akague kompyuta za chama cha ushirika cha akiba na mikopo mjini Kahama. Bodi yake ina wajumbe saba. Labda wawili wanasoma Kiingereza kwa shida. Anawapa waraka wa kurasa kumi na mbili za Kiingereza ulionakiliwa kutoka ng'ambo, mwenyekiti anatia saini. Baadaye mkaguzi anafungua, kama sehemu ya jaribio, orodha ya wanachama na madeni yao. Je, aliruhusiwa? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalifanya swali hilo kuwa kali zaidi, maana wanachama nao wana haki juu ya taarifa hizo. Mwenyekiti atasema, na atakuwa mkweli, kwamba hakujua. Hapo nani ametenda kosa si swali la kompyuta tena.

Hati ya Kiswahili inayoeleweka inawezekana, na misamiati ya machimbo inaweza kuisaidia. Mchimbaji anajua bikoni ni nini: ni alama za mpimaji zinazoonesha leseni yake inaishia wapi. Anajua pia kwamba juu ya ardhi bikoni huonekana, lakini chini mtu anaweza kuchimba akajikuta katika eneo la jirani bila kukusudia. Katika machimbo ya tanzanaiti ya Mererani, mbali na Geita, jambo hilo lina jina lake, mtobozano, na migogoro yake imefika hadi serikalini. Mkaguzi wa kompyuta naye anaweza kutoboza. Kompyuta ya chama imeunganishwa na benki, na kwa MUVU, yaani mfumo wa serikali wa kusimamia vyama vya ushirika. Akiifuata njia iliyo wazi mbele yake, anatokea katika mfumo ambao bodi ya Kahama haina mamlaka ya kuuruhusu. Mwalimu anaweza kueleza mipaka ya idhini kwa kurasa za nadharia. Kwa mjumbe wa bodi aliyewahi kumiliki duara sentensi moja yenye bikoni na mtobozano inatosha, naye ataanza kuuliza maswali ambayo mhitimu hakuyatarajia.

Kazi hii ina mahali pa kuanzia. Kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi iko Shinyanga penyewe na hufundisha watu wa vyama vya ushirika. TATAKI na idara za Kiswahili za Dar es Salaam na Dodoma zina wanaistilahi. Vitivo vya kompyuta vina kozi yenyewe. BAKITA ina mamlaka ya kusanifisha kitakachokubaliwa. Hati ya kwanza haina haja ya kuzidi kurasa mbili: mifumo itakayoguswa, siku na saa, kisichoguswa kabisa, nani aarifiwe mlango ukionekana wazi, na taarifa zilizoonwa zitafanywaje baada ya kazi. Ikishaandikwa isipelekwe kwanza kwenye kongamano. Isomwe kwa sauti mbele ya bodi ya chama kimoja cha Kahama au cha Geita, kisha wajumbe waulizwe, mmoja baada ya mwingine, ni sehemu gani ya mfumo wao ambayo hawajamruhusu mkaguzi kuingia. Majibu yao yakipishana, rasimu irudi mezani.